Jina Letu Lilikuwa Kumi na Nne

Wiki iliyopita, kwenye banda la kuku nilikopata kibarua hapa Kisarawe, nilichana pakiti ya dawa kwa meno na ule unga wa njano ukanirukia puani. Harufu yake ni chungu, kama maji ya muarobaini yaliyolala. Tajiri wangu akaniuliza kama nina mafua. Nikamjibu ni vumbi tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi kwetu Mbwawa, nina miaka kumi na mmoja, nimeshika ndoo ya maji ya kuku yenye rangi ya mkojo.

Nimehangaika sana tangu niache shule. Nimeuza vocha, nimefyatua tofali Mkuza, nimepika kwenye kambi za wajenzi. Katika kuzunguka kote huko sijakutana na mtu aliyenifungua macho kama Dada Upendo, wala aliyeniumiza kama yeye.

Mama alifuga kuku wa mayai, na mayai yake yalikuwa na sifa mtaani. Mwalimu alinunua kwetu, mama wa chapati alinunua kwetu. Kila asubuhi aliwatilia kuku unga wa njano, wagonjwa kwa wazima, kwa sababu mwenye duka la dawa za mifugo alimwambia, "Mama, kinga ni bora kuliko tiba." Mama alikuwa dhaifu mbele ya methali. Ukimpa methali, umemmaliza.

Dada Upendo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, amepanga chumba nyumba ya jirani. Alipita kila banda kuchukua kinyesi cha kuku, akitaka kujua ni dawa zipi bado zinaua bakteria na zipi zimeshindwa kwa kuzoeleka. Ili asiandike majina ya watu, alichora namba kwa chaki juu ya kila mlango. Sisi tukawa kumi na nne. Mimi nikaanzisha mchezo: watoto tuliacha kuitana majina. "We Tisa, rudisha mpira!" "Kumi na Nne, mama'ko anakuita!" Mtaa mzima ukashika.

Kila alasiri nikitoka madrasa nilikuwa kizingitini kwake na maswali.

"We mtoto," alisema, "hivi unalala kweli?"

Alinionyesha picha za sahani ndogo ambamo bakteria walikuwa wametanda kama ukungu. Juu yao aliweka vipande vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa ikifanya kazi, kipande kinazungukwa na duara safi, na duara lile hupimwa kwa rula. Ikishindwa, hakuna duara. Nilidhani sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Jumatatu moja aliniomba nimsomee vipimo vya maduara ya kila nyumba kutoka daftarini mwake, yeye abofye kwenye kompyuta.

"Kumi na tatu: kumi na nane, sifuri, ishirini. Kumi na nne: sifuri. Sifuri..." Nikaufuata mstari tena kwa kidole. "Sifuri."

"Endelea."

"Dada, hapa ni kwetu."

Aliacha kubofya. "Humu hakuna kwenu wala kwao, Zuhura. Ni namba tu."

"Watu hawatajua?"

"Jina la mama yako halitatajwa. Haki ya Mungu."

Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikala, nikanyamaza.

Alhamisi aliwaita watu ofisi ya serikali ya mtaa kuwapa majibu. Kompyuta yake ikatupa ukutani nguzo za rangi, moja kwa kila nyumba na namba yake chini; dawa zikifanya kazi, nguzo inarefuka. Ya kumi na nne ilikuwa fupi kuliko zote, na ilikuwa nyekundu peke yake.

"Kuna nyumba moja," alisema, "ambayo bakteria wake wameshinda kila dawa tuliyojaribu."

Kutoka dirishani mtoto akapaza sauti, "Kumi na Nne! Si ndiyo kwa kina Zuhura hiyo!"

Watoto wenzake wakacheka, maana ulikuwa mchezo. Wakubwa wakageuza shingo.

"Loo!" alisema mama wa chapati. "Na mimi nawalisha wanangu!"

Mama alikaza kanga yake, akatazama ukuta mpaka mkutano ulipokwisha. Wiki ile trei za mayai zilipanda jikoni kwetu hadi kwenye dirisha, na mtoto wa mwalimu akawa anapita mlangoni akikimbia.

Dada Upendo alikuja kuomba radhi. "Shikamoo mama. Nisamehe. Lakini jina lako sikulitaja."

"Marahaba. Kweli, mwanangu, hukulitaja," Mama alisema. "Ungelitaja ningesimama. Ningeuliza mbona unga nanunua duka moja na hao walionigeukia. Ningeuliza sasa niwape nini kuku wangu. Namba inasimamaje kujibu?"

Dada Upendo aliaga. Baada ya siku chache alihama na kompyuta yake, na kilichoandikwa huko chuoni kuhusu banda letu hatukukisoma kamwe.

Siku ile alipotoka tu mlangoni kwetu, Mama alinigeukia. "Na wewe, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Hakunipiga. Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba, kisha akaniambia nikaoge.

Kwa miaka, kila nilikolala, nimesimulia kisa hiki kama kisa cha Dada Upendo msaliti. Sasa naona alitimiza ahadi yake neno kwa neno, na hicho ndicho kilichomfunga Mama mdomo. Naona pia kwamba nyumba nyingi zilikuwa na sifuri zao. Nilizisoma kwa mdomo wangu. Hakuna aliyezitazama, kwa kuwa nyekundu ilikuwa moja.

Kinachonichoma zaidi ni zile siku tatu. Habari ile ilikuwa mali ya Mama kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Mimi niliiacha kwa mgeni nikaridhika aifiche, na Mama alikuwa pale uani kwetu, anachagua mchele, na angenisikiliza.