Ua la Dhahabu Kwenye Kiti cha Wageni

Uzi wa dhahabu hautaki kushonwa, unataka kutazamwa tu. Niliununua Goma, nikarudi nao kwetu Muheto, Masisi, kama mtu aliyeshinda uchaguzi, na siku ya kwanza tu ukanitoa machozi. Ukiupitisha kwenye sindano, ile ngozi yake inayong'aa inachubuka. Ukiuvuta, unakatika. Ukiulegeza, unasimama vitanzi vitanzi juu ya kitambaa, badala ya kulala kwa adabu kama uzi wa pamba.

Nilikuwa nadarizi vitambaa vya kutandika kwenye migongo ya viti, kwa mishono ya msalaba, kwa sababu shangazi wa mchumba wangu alikuwa anatoka Mpofi, msituni, kuja kuniangalia. Yeye ndiye aliyemlea. Akikataa, hakuna ndoa. Mchumba wangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, alinieleza hivyo bila aibu yoyote.

Mama alishika kitambaa cha kiti kikubwa, akapitisha kiganja juu ya ua langu la dhahabu.

"Hii uzi inakwaruza," alisema. "Weka ku pembeni. Katikati njo fasi ya kuegemesha kichwa."

"Ku pembeni nani ataiona, mama?"

Alinijua, kwa hiyo hakubishana. Alienda zake kuchambua maharagwe.

Shangazi alifika amechoshwa na barabara, amevaa periki, nywele za bandia, ndefu kuliko safari yenyewe. Tulimkalisha kwenye kiti kikubwa, akaegemea. Aliniuliza kama najua kupika sombe, yale majani ya muhogo, kama naogopa msitu, kama sisi watu wa milimani tunakula nyama ya porini. Nadhani nilijibu vizuri. Vitambaa vyangu hakuvitupia jicho hata kimoja. Kisha akaweka kikombe chini.

"Sawa. Tutaenda kuwaza kwanza."

Kila msichana wa kwetu anajua maana ya maneno hayo: umekataliwa kwa adabu. Shangazi akasimama. Periki haikusimama.

Ilibaki kwenye kiti, imenaswa na ua langu, na mwenyewe yuko katikati ya sebule na mvi zake fupi. Hakuna aliyecheka. Papa, baba yangu, aligundua ghafla kwamba dari letu ni zuri sana. Shangazi alirudi kukaa, maana hangeweza kukatiza Muheto nzima akiwa hivyo. Mama alijaribu kuvuta polepole, nywele zikazidi kujisokota. Ilibidi kukata: periki au ua. Shangazi alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Nilichukua mkasi, nikakata ua langu, kitanzi kimoja kimoja, mpaka jioni. Nililia kwa hasira, si kwa unyenyekevu kama inavyosimuliwa Mpofi. Naye, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alikula, akapiga soga na mama, mwisho akacheka.

"Periki ni ya kuazima," alisema. "Nilikuwa naogopa mutanizarau, ninyi batu ba Masisi."

Nilipomrudishia hakuivaa. Aliitia kwenye mkoba.

"Tumeshawaza," akasema.

Leo kitambaa kile kiko kwangu, Mpofi, katikati hakina kitu. Shangazi akija anavua periki mlangoni, halafu anaegemea pale pale. Ua la dhahabu nililishona upya, pembeni safari hii. Hajalisifu mpaka leo.