Taa za Trela la Mama Whitney

Odongo fundi wa waya za magari hakuamini macho ya mtu yeyote ila ya mkewe. Mimi Kasiva nilikuwa nauza sukuma wiki kando yao pale mtaani Baba Dogo, na wawili hao walinichekesha miaka yote. Odongo akishatengeneza gari anaingia, anakanyaga breki, na kwa kuwa aliyeshika usukani haoni taa za nyuma, anapaaza sauti: "Mama Whitney, breki?"

Mkewe Phelister anaacha mandazi yake mafutani, anaenda nyuma ya gari na mwiko mkononi. "Breki hai! Kushoto hai! Kulia imekufa, baba, rudia!" Zikishawaka zote anamwambia, "Shuka unywe chai." Ilikuwa chai ya tangawizi, ya kukutoa machozi. Kabla ya kuitiwa hiyo chai, Odongo hashuki.

Hata trela la kanisa, lile la kubebea majeneza, walilifanyia kazi hivyo hivyo. Odongo alipitisha waya zote nyekundu, maana siku hiyo hakuwa na rangi nyingine. Nilimwambia, "We mzee, na fundi mwingine akija kulishika?" Akacheka. "Mwingine wa nini, na mimi nipo?"

Woi, Phelister! Kifua kilimbana akikanda unga, na hospitalini hakufika.

Mazishi yalipangwa Jumamosi, kwao Siaya. Desturi yao ni kwamba mke alale usiku mmoja nyumbani kwake kabla ya kuzikwa. Nyumba yenyewe Odongo alikuwa amemjengea juzi tu, bati bado linang'aa, na Phelister hakuwahi kulala humo. "Lazima alale kwake," Odongo alituambia. "Hata kama ni hivi." Kwa hiyo ilikuwa lazima tufike Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Caleb, mdogo wake Odongo, akalivuta trela lile kwa gari, akatuletea jeneza kutoka mochari ili tumuage jirani yetu. Na kumbe yule bwana alisahau kufunga waya wa taa za trela! Uliburuzwa kwenye lami njia nzima, plagi ikavunjika, waya zikachanika. Nilimtukana mbele ya mchungaji, na sijatubu. Bila taa, polisi wangetuzuia kabla hata hatujatoka Nairobi.

Odongo akainuka, mchungaji akamrudisha kitini. "Mfiwa hashiki kazi." Akaitwa Shitanda, fundi wa ng'ambo ya barabara. Akachungulia, akajikuna kichwa. "Mzee, hizi zote ni nyekundu!" Akaunga hii na ile. Ukikanyaga breki, indiketa ndiyo inayowaka. Akafungua, akaunga tena, na jua linazidi kupanda.

Odongo akavua koti la suti, akampa binti yake Whitney, akalala chini ya trela na shati lake jeupe. Mara hii hata mchungaji hakumrudisha. Waya akazimenya kwa meno, akazifunga tepu moja moja. Mkewe alikuwa juu ya kichwa chake, ubao tu katikati.

Alipomaliza akaingia kwenye gari, akakanyaga breki, akapaaza sauti: "Mama Whitney, breki?"

Ngai! Watu wazima tukaangalia viatu vyetu. Kifo hakina adabu, jamani, hakina hata kidogo. Whitney akaenda nyuma ya trela, koti la babake kifuani.

"Breki hai," akasema. "Kushoto hai. Kulia hai, baba."

Zote zilikuwa zinawaka, na Odongo hakushuka. Caleb akamfungulia mlango. "Kaka, tuachie usukani, tutachelewa." Wapi! Mguu uko kwenye breki, macho yako mbele. Wengine wakanong'ona kwamba akili imemruka. Mchungaji akaanza kuomba. Watu gani hawa! Wamekaa naye miaka na hawamjui? Nikachukua chai ya waombolezaji, nikamwendea.

"Baba Whitney, shuka unywe chai."

Akashuka. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akanitazama.

"Haina tangawizi," akasema.

"Najua, baba. Kunywa hivyo hivyo, twende tumlaze kwake."