Theremini na homa ya kaka Masanja

Leo nimesikia theremini kwenye simu ya mjukuu wangu, nikauliza kama mpigaji ana homa. Amecheka sana.

Ngoja niwaeleze.

Miaka ya sabini, hapa Shinyanga, fundi redio mmoja alitufundisha kupiga chombo hicho cha muziki cha umeme. Kinalia ukisogeza mikono hewani, bila kukigusa.

Sisi wengine tulitoa milio ya mbuzi. Kaka yangu Masanja akatoa sauti inayotetemeka vizuri, tukampigia makofi.

Akaanguka.

Kumbe ni malaria, mkono ulikuwa unatetemeka wenyewe. Tukamkimbiza hospitali kwa baiskeli, nikidhani tunampoteza.

Alipopona akarudi darasani. Sauti ikatoka imenyooka, haina ladha.

"Bwana Masanja," fundi akasema, "bora ungeendelea kuumwa."

Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Tulimzika mwezi uliopita. Kama ulikuwepo kwenye darasa lile la fundi, niandikie hapa. Nataka kumsikia mtu mwingine akimtaja.