Solo ya Mama, Upande wa Pili

Mama aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu tangu kabla sijazaliwa, na sioni haya kusema kwamba Mwanza nzima hapakuwa na koo kama lile. Alizaliwa ufukweni upande wa Mara, kwenye nyumba ya wavuvi, akaacha shule mapema, lakini nota za do-re-mi alizisoma kama wengine wanavyosoma bei ya sukari. Asubuhi aliuza samaki, hasa sato. Jioni aliimba kazi za watunzi wa Ulaya waliokufa zamani sana, kwa Kiswahili, na ukimsikia ungedhani ziliandikwa kwa ajili yake.

Mwaka mmoja rovu lililokuwa limekaa shingoni mwake kwa muda mrefu lilianza kumbana pumzi. Daktari alitaka litolewe. Alisema wazi, bila kuzungukazunguka, kwamba mishipa ya sauti iko jirani na pale na huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Mama akauliza swali moja tu: "Linaweza kusubiri tamasha lipite?" Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi mwaka mzima ya kazi moja ndefu ya kanisa, yenye kinanda na fidla mbili, na solo kubwa kuliko zote ilikuwa yake. Daktari alikubali, ila hakufurahi.

Mimi niliamua kwamba sauti ile haitaondoka bila kuacha kitu nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mimi na mume wangu tukiishi Buzuruga, na mali yangu ya kujivunia ilikuwa radiokaseti ndogo, mojawapo ya zile zilizojaa madukani baada ya biashara kufunguliwa. Maikrofoni yake ya ndani ilikuwa bure kabisa. Ilinasa mngurumo wa mota yake kuliko mtu aliyesimama mbele yake. Mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyetupigia fidla ya kwanza, akaniazima maikrofoni ya waya mrefu. Nilipomweleza sababu hakuniuliza nitairudisha lini.

Nikaijaribu kila siku ya mazoezi. Ukiiweka karibu na kinanda unasikia pedali zikilia kwi, kwi. Ukiiweka upande wa sauti ya nne, wanaume wale wanameza kanisa zima. Mwishowe nikafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, nikaining'iniza juu kidogo mbele ya pale Mama angesimama, nikaivisha soksi ya mume wangu ili upepo wa ziwani usiipulize. Watu walicheka sana. Soksi ilikuwa imefuliwa, na iwekwe kwenye kumbukumbu.

Siku ya tamasha, Jumapili alasiri, nikaenda kwanza ng'ambo ya barabara kwa kijana muuza kanda, mwenye spika mbili kubwa kama makabati.

"Naomba uzime mpaka tumalize," nikamwambia.

"Mwalimu, siku hizi ni biashara huria."

"Huria kwako. Mama yangu anaimba leo, na wiki ijayo anakatwa shingo hospitalini. Huenda asiimbe tena."

"Mama yupi? Yule wa sato?" Akazima palepale. "Si ungeanza na hilo!" Akafunga duka, akaja kukaa benchi la nyuma.

Kisha nikasimama mbele ya watu, nikatangaza kwamba hakuna kigelegele wala makofi mpaka wimbo wa mwisho uishe. Shangazi yangu akanitazama juu mpaka chini.

"Yaani wifi yangu aimbe, sisi tukae kama tuko msibani?"

"Msibani watu hulia, shangazi. Leo hata kulia hapana."

Korongo waliokuwa juu ya bati hawakutangaziwa, na walitembea huko juu na miguu yao kama wenye nyumba.

Wimbo wa pili haujaisha, umeme ukakatika. Mimi sikuwa nimeuamini tangu mwanzo. Nilikuwa nimeweka betri mpya. Kumbe mgawo nao una faida: mashine ya kusaga ya jirani ilinyamaza, na kanisa likatulia vizuri. Nikawa natazama kanda tu. Upande wa kwanza ulikuwa unakaribia kuisha, na kama ningeuacha, ungekatikia mdomoni mwa Mama. Basi sauti ya nne walipofika kwenye sehemu yao waliyoipenda kuliko zote, nikabonyeza, nikageuza kaseti, nikarekodi upya. Wanaume wale hawajanisamehe mpaka leo, nami sijawaomba msamaha.

Mama akasimama chini ya soksi. Aliimba akitazama mbele, mikono imelala juu ya kitenge chake, na sauti ikatoka safi, haina haraka, ikapanda pale ilipotakiwa kupanda. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya radiokaseti, machozi yananitoka, sithubutu kuvuta kamasi. Shangazi alikuwa ameuma khanga. Wimbo wa mwisho ulipoisha, vigelegele vilivyozuiliwa muda wote ule viliwatimua hata korongo.

Operesheni ilikwenda salama. Sauti ilirudi ikikwaruza, ikilia kama bawaba isiyo na mafuta, na mwalimu wa kwaya akamhamishia sauti ya tatu, katikati ya wanaume. Alikwenda bila kununa. Baada ya majuma kadhaa akaniambia nimletee ile kaseti. Niliogopa atalia. Badala yake akasikiliza kwa uso uleule anaokagulia samaki.

"Pale katikati nimevuta pumzi ndani ya neno," akasema. "Haifai. Rovu lilinibana." Akaitoa kaseti mwenyewe. "Mpelekee yule atakayeimba baada yangu. Ajifunze."

Yule wa baada yake akajifunza kwa kanda ile, na aliyemfuata naye hivyohivyo.

Miaka mingi baadaye, Mama ameshastaafu kwaya, tulikaa pamoja benchini kazi ileile ikiimbwa. Binti mwenye solo alikuwa mrefu, mwenye afya, kifua kipana. Akafika katikati ya lile neno, akasimama, akavuta pumzi, akaendelea. Wimbo ulipoisha, mgeni mmoja aliyejua muziki alimwinamia mwalimu wa kwaya mbele yetu, akamnong'oneza kwamba pale hapavutwi pumzi.

"Sisi hapo ndipo tunapovuta," mwalimu akamjibu.

Mama akanifinya paja.

"Umesikia?" akaniuliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

Nikamwambia nimesikia.