Alama Nilizomchorea Mke Wangu Ukutani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Alhamisi moja jioni pale Mchafukoge, nilipofukuzwa kwenye ukumbi wa mazoezi ya wagonjwa mbele ya mke wangu. Nilikuwa sijafika miaka arobaini. Nilikuwa na duka la vitasa na bawaba Kariakoo, na nilijiona mtu wa akili kwa sababu kila nilichokijua nilijifundisha mwenyewe.

Mke wangu, Mama Eva, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Bega la kushoto lilikaza na usingizi ulimkimbia. Daktari wake akamruhusu kuhudhuria yoga ya wagonjwa, mazoezi ya mwili na pumzi, mara mbili kwa wiki katika ukumbi huo. Mwalimu alikuwa Bi Salma, Mwarabu wa hapa hapa mjini, mama wa maneno machache ambaye naye aliwahi kuugua. Siku ya kwanza alituambia wazi: "Hii haitibu saratani. Dawa ziko hospitali. Hapa tunajifunza kupumua na kulegea." Wagonjwa walikaa kwenye viti, wakafumba macho, wakainua mikono hadi pale mwili uliporidhika, basi. Siku hiyo mke wangu alirudi nyumbani akalala hadi asubuhi.

Mimi nikaona ni uzembe. Nikasoma kwenye simu, nikajaza daftari zima. Kisha nikamsimamisha kando ya ukuta wa chumbani, nikamwambia apandishe vidole, nikapiga alama ya penseli pale vilipoishia, na tarehe pembeni. Kesho yake alama ilitakiwa ipande. Ilipanda. Nilimpongeza kama mtoto aliyefaulu mtihani. Hakuniambia kwamba alikuwa akiumia. Aliona nimefurahi, na miezi ile nilikuwa nafurahi mara chache.

Alhamisi ile nikapanda naye hadi ukumbini, nikiwa na daftari na futi ya dukani.

"Jamani, mkaguzi kaja!" mama mmoja akapaza sauti, wenzake wakaangua kicheko. "Shemeji, na sisi utatupima, au unampima wako tu?"

Nikacheka nao, nikamwamkia Bi Salma. "Shikamoo."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mke wangu, uliovimba kuanzia kwapani hadi kiwikoni. "Nani kaufanya hivi?"

"Ni mimi," Mama Eva akasema. "Nilijisahau."

Alinikinga, mwanangu. Hilo linaniuma hadi leo. Lakini Bi Salma alikwisha kuliona daftari.

"Baba Eva, hospitali wanampima damu, wanampima uzito, wanampima uvimbe. Alikuwa na vipindi viwili kwa wiki ambavyo hapimwi na mtu. Navyo umevichukua. Toka nje."

Nikatoka. Wiki ile ile nikaupaka ukuta rangi, nikadhani nimemaliza. Mkono ulipungua taratibu, lakini Mama Eva hakurudi ukumbini. Nilimbembeleza.

"Nikifumba macho, Baba Eva, nakuona umesimama na penseli," alisema, bila hasira. Afadhali angenitukana.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi. Sikuuleta mimi, madaktari walinieleza hivyo na ninawaamini. Nilichomnyang'anya ni ule utulivu mdogo aliokuwa ameupata, na sikuweza kumrudishia. Katika siku zake za mwisho Bi Salma alikuja nyumbani mchana, akaketi kitandani, akamwambia avute pumzi. Mke wangu akageuza macho, akaniangalia mimi kwanza, kama mwanafunzi anavyomwangalia msimamizi wa mtihani. Nikatoka bila kuambiwa. Nikiwa koridoni nilimsikia akipumua, kisha akicheka kwa jambo ambalo sikulijua. Sikuthubutu kuingia.

Basi mwanangu, ukimuuguza mtu, jifunze yote uwezayo, kisha umuulize yeye anataka lipi, na jibu lake lisikuudhi. Mwili wake una kiasi chake, na wapo wenye ujuzi wanaokifahamu, wasikilize hao. Mimi niliogopa kumpoteza, na hofu yangu nikaiita elimu. Na akipata saa ya kupumzika, hata kama wewe humo, mwachie.

Mungu akupe afya, akupe subira, na yule utakayemuuguza asikuogope.