Fagio la Thomasin na Ulimi wa Godfrey

Thomasin Wragg alikuwa na sauti ya kuita kondoo wa kijiji cha pili, na mikono iliyopauka kwa mvuke. Mumewe alipokufa hakumwachia shamba wala ng'ombe. Alimwachia mapipa matatu, sufuria kubwa la shaba, na mti mrefu uliosimikwa mbele ya nyumba. Kwenye mti huo alipandisha fagio kila pombe ilipoiva. Fagio likipanda, kijiji chetu kizima cha Thornlow kilikumbuka kwamba kina kiu. Wengine walikumbuka kabla halijafika juu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tulimsifu Thomasin miaka kumi na moja, usoni na kisogoni, naye hakuzidisha hata tone. Methali ina watu wake, na yeye hakuwa mmoja wao.

Ila sheria ya bwana mwenye ardhi haikujali sifa zetu. Kila pombe ilipaswa kuonjwa na mwonjaji aliyeapishwa kabla fagio halijapanda. Ikikataliwa, ni chakula cha nguruwe. Ikikataliwa mara tatu mfululizo, mti unakatwa, na mwenye mti hapiki tena maisha yake yote.

Mwonjaji wetu alikuwa Godfrey Hallam, kapera wa miaka arobaini na tano, mwembamba kama mpini wa reki. Aliishi na dada yake Dorcas kule Middlecote, ng'ambo ya mpaka, akaonjea vijiji vyote viwili. Ulimi wa mtu huyo uliogopwa. Siku moja alionja pipa la jamaa mmoja wa kwao akasema, "Humu mna soksi. Tena ya mguu wa kushoto." Pipa likamwagwa, soksi ikatoka, na mwenyewe alikuwa amesimama hapo amevaa ya kulia tu.

Pombe ikiwa nzuri, Godfrey alisema neno moja: "Inafaa." Hakuna aliyewahi kumsikia akizidisha. Ila tuliona kwamba kwa watu wengine alionja mara moja, na kwa Thomasin mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya sheria, na ya pili ya kuhakikisha. Ya tatu hatukuuliza, maana macho tulikuwa nayo. Kisha husema "Inafaa", huvaa kofia, hurudi kwa dada yake. Miaka kumi na moja.

Mwaka 1666, mwezi wa Mei, tauni ikapanda milima mpaka kwetu. Hakuna aliyejua imeingiaje, kwa hiyo kila mtu alijua. Wako waliomtaja mchuuzi wa utepe, wako walioitaja nyota yenye mkia, na bibi mmoja alishikilia kwamba ni kwa sababu wasichana wa siku hizi hawafungi kofia sawasawa. Kufikia mwisho wa Juni tulikuwa tumezika watu kumi na wanne. Hao siwafanyii mzaha.

Padri wetu, Ezekiel Frith, alifunga kanisa akatukusanya malishoni, kila mtu hatua kumi kutoka kwa mwenzake. Akatuomba tusikimbie, tusije tukabeba kifo kwenda kwa majirani. Tukakubali kwa ujasiri mkubwa, na pia kwa sababu hakuna aliyekuwa na ndugu wa kumpokea. Mpaka ukawa jiwe lililoko kwenye njia ya Middlecote. Watu wa kule waliacha mikate ya shayiri, jibini na kimea juu ya jiwe, wakaondoka, nasi tukaenda kuchukua. Mtu angeweza kuja kwetu, lakini akishavuka harudi. Na kitu cho chote kilichotoka kwetu kwenda kwao kilioshwa kwanza kwa siki. Siku zile siki ilitibu kila kitu isipokuwa tauni.

Ndipo pombe ya Thomasin ikaiva, na mwonjaji yuko upande wa pili wa jiwe.

"Padri," alisema Rafe Bagshaw, mchimba makaburi, akiwa amesimama hatua zake kumi, "mimi ndiye ninayechimba. Nikichimba na koo kavu, mashimo yanapinda."

"Sheria ni sheria, Rafe."

"Basi niapishe mimi nionje."

"Wewe? Mwaka jana ulikunywa maji ya kuoshea kondoo ukaomba nyongeza."

"Yalikuwa ya moto, Padri. Na siku yenyewe ilikuwa ya baridi."

Thomasin alikuwa akisikiliza, mikono kiunoni. "Mwiteni Godfrey aje kwenye jiwe," akasema. "Kwani ulimi wake unahitaji kuvuka? Si pombe ndiyo imfuate."

Siku ya kuonja, vijiji vyote viwili vilijipanga pande mbili za mpaka kama vile bwana harusi na bibi harusi wanatarajiwa. Padri akaliosha jagi kwa siki ndani na nje. Thomasin akajaza, akaliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Padri akalimwagia siki tena, kwa usalama. Upande wa pili Dorcas alikuwa amemsukutulisha kaka yake siki vikombe viwili na kumfunga kitambaa cha siki puani. Godfrey akasogeza kitambaa, akanywa funda moja. Uso wote ukakusanyika katikati.

"Imechacha," akasema.

"Imechacha pombe au umechacha wewe?" Thomasin akauliza.

"Nasema ninachoonja, Mama Wragg."

"Umesukutua siki, umefunga siki, umenywea siki. Hapo hata asali ingekuomba msamaha."

"Inawezekana. Lakini nimeapa kusema kilichoko kwenye ulimi, si kilichoko kwenye pipa."

Pombe ikaenda kwa nguruwe. Walilala siku mbili, wakaamka wakiwa na adabu ambayo hatukuwahi kuiona kwao.

Wiki mbili baadaye ikaiva nyingine. Thomasin akamsihi Padri jagi lisuuzwe kwa maji baada ya siki. Padri akasema maji hayaui sumu. Dorcas naye akaapa kwamba kaka yake hatasogea kwenye jiwe bila kusukutua. Safari hii Godfrey aliishikilia pombe mdomoni muda mrefu, akaizungusha, akaitafuta, kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi.

"Sema inafaa, bwana," watu wakamwambia pande zote mbili. "Hata kwa kunong'ona. Nani atajua?"

Akatikisa kichwa. "Naonja siki. Nikisema inafaa, kuanzia kesho neno langu litakuwa na thamani gani?"

Tukamgeukia Thomasin tusikie atamtukana vipi. Alikuwa anatazama chini. "Mwacheni," akasema. "Sitaki inafaa ya kuhurumiwa."

Nguruwe wakashukuru tena. Ikabaki pombe moja tu kati ya mti ule na shoka.

Basi Godfrey akaanza kuja kwenye jiwe kila siku alasiri, bila kuitwa, akiwa na wazo jipya. Thomasin naye akaja na sababu kwa nini wazo hilo ni la kijinga. Sisi tulikuja na vigoda. Siku moja alileta mrija wa mabua yaliyochomekwa moja ndani ya jingine, urefu wa hatua kumi, ili anywe akiwa upande wake bila jagi kuvuka. Thomasin akachovya ncha yake kwenye pombe ambayo bado haijaiva, kwa kujaribu tu. Godfrey akavuta kwa nguvu zake zote, akakohoa, akameza.

"Umeonja nini?" Thomasin akauliza.

"Buibui."

"Inafaa?" Rafe akauliza kwa sauti kubwa.

Ndiyo mara ya kwanza Thornlow kucheka tangu Mei. Mjane wa fundi viatu, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu amzike mumewe, alicheka mpaka akashika ukuta. Siku iliyofuata alikuja mapema na kigoda chake kupata nafasi ya mbele.

Mwisho wa Julai pombe ya tatu ikaiva. Tulikuwa tumekaa siku tisa bila kuzika mtu, na nyasi za kukata zilikuwa zinatungoja. Thomasin alikuja na jagi lake na ndoo ya pombe, amevaa aproni safi, uso umekaza. Nyuma yake alikuja Padri na siki, na nyuma ya Padri alikuja Rafe na shoka, akilibeba kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe.

Godfrey akatokea upande wa pili bila kitambaa. Dorcas alikuwa anamkimbiza na kikombe cha kusukutua.

Thomasin akaweka jagi juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kumi. Padri akainua siki.

"Ngoja kidogo, Padri," Godfrey akasema. "Kisichotoka huko hakioshwi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na anayeingia huko?"

"Haoshwi. Ila harudi mpaka tauni iishe. Unalijua hilo."

"Nalijua." Akavua kofia, akainua mguu wake mrefu, akavuka jiwe.

Kila mmoja wetu pale alijua anaingia wapi, naye alijua kuliko sisi.

"Godfrey," Dorcas akaita. "Supu iko motoni."

"Kunywa wewe, dada."

Akampita Padri, akazipita hatua kumi zote, akamkuta Thomasin amesimama ameduwaa na kata ya kuchotea mkononi, ile ambayo haijawahi kuguswa na siki. Akaipokea, akachota kwenye ndoo yake. Akanywa mara ya kwanza. Akanywa ya pili. Alipomaliza ya tatu, akapangusa mdomo.

"Tamu," akasema.

Rafe aliachia shoka, likakosa kidole cha Padri kwa unene wa jani.

"Umesemaje?" Thomasin akauliza.

"Nimesema tamu. Nimesema hivyo miaka kumi na moja, kimoyomoyo. Nilidhani unasikia."

"Mimi nasikia kwa masikio, Godfrey, kama watu wengine."

Fagio lilipanda saa ile ile. Tulikunywa tukiwa hatua kumi kumi, tukipeana afya kwa kupiga kelele, na mjane wa fundi viatu akaimba.

Ndipo Padri akakumbuka kwamba mgeni hana pa kulala. Nyumba za marehemu zilikuwa zimefungwa. Palipokuwa na nafasi ni kwa Thomasin tu, kwenye dari juu ya mapipa, jambo ambalo Padri alilitazama huku na huku asilipende kila upande. Akatangaza ndoa yao malishoni Jumapili tatu mfululizo, na kwa wiki hizo tatu mwonjaji alilala kwenye zizi la kondoo. Dorcas akampelekea suruali yake nzuri kupitia jiwe. Haikuhitaji kuoshwa kwa siki, lakini aliiosha, kwa hasira. Basi bwana harusi alioa akinuka kama kitunguu cha siki, na watu wote tukiwa mbali na maharusi hatua kumi, ambazo siku hiyo hazikutosha.

Tulizika wengine watatu, wa mwisho Septemba. Hawakuwa wa nyumba ya Thomasin. Novemba jiwe likafunguliwa, na wa kwanza kuvuka alikuwa Dorcas, na mkokoteni wa kumrudishia kaka yake nyumbani. Alimkuta juu ya ngazi, anafunga fagio.

"Tauni imeisha," akamwambia. "Shuka twende."

"Padri alisema sirudi mpaka iishe, dada. Hakusema ikiisha nirudi."

Lakini sheria ilikuwa bado na mkia. Bwana mwenye ardhi aliposikia, aliamua kwamba mume hawezi kuonja pombe ya mkewe, maana ulimi wake umeshanunuliwa. Akatafutwa mwonjaji mwingine, mtu mwenye damu ya Hallam, mkali, asiyependelea nyumba ile hata kidogo. Dorcas akaapishwa.

Alikuja kwa Thomasin siku ya kwanza, midomo imebanwa, tayari kukataa. Akaonja. Akatazama dari, akamtazama wifi yake, akatazama ndani ya kikombe.

"Inafaa," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Kisha akakinyoosha kikombe tena. "Ya kuhakikisha," akasema, na Thomasin akajaza.