Kunyonya Juu au Kumwaga Chini

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mwaka mmoja kabla ya ile korona kutufungia ndani, nilipowasimamisha wanaume wawili wazima mbele ya gereji yangu hapa Cedar Hill nikawaambia hakuna atakayekula mpaka oili ya gari ibadilishwe. Usicheke bado. Wakati huo magoti yangu yalikuwa yananitii, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko sasa.

Wewe uliniuliza jana kuhusu hilo gari lako la dizeli ulilonunua, kama oili umwage kwa chini au uinyonye kwa juu. Nitakujibu. Lakini kaa kwanza, maana swali hilohilo liliwahi kuvunja urafiki wa nyumba mbili.

Mwanamume wa kwanza alikuwa mume wangu, Salim, mtu wa Tabora, mhasibu. Alikuwa na gari la Kijerumani la zamani, la dizeli, rangi ya krimu. Likiwashwa asubuhi mtaa mzima ulijua Salim anakwenda kazini. Wa pili alikuwa Baba Wambui, Mkenya wa Nyeri, nesi wa chumba cha upasuaji. Huyu tulijuana naye tangu tulipofika Texas, hatuna ndugu wala jirani. Yeye naye alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli. Wote wawili walibadilisha oili wenyewe, na kila mmoja aliamini mwenzake anaua gari.

Salim alikuwa na bomba la kunyonyea. Anapasha injini moto kidogo, anaizima, anachomoa kile kijiti cha kupimia oili, anapitisha mpira mwembamba palepale mpaka chini, kisha anavuta. Halali chini, hachafui shati. Baba Wambui alikuwa mtu wa jeki na stendi. Anaingia uvunguni, anafungua nati ya chini, oili inashuka yenyewe kwenye beseni.

Basi siku moja tuko bustanini kwenye nyama choma, watu wamejaa, Salim akasema kwa sauti, "Huyu bwana anaona gari kama mgonjwa wake. Lazima ampasue!" Watu wakacheka. Baba Wambui naye hakukubali: "Na wewe unanyonya tu kama mbu, uchafu wote unaachia huko chini." Watu wakacheka zaidi. Ingeishia hapo, ingekuwa utani. Lakini Salim aliongeza kwamba mtu asiyejua gari asifundishe wenye akili. Baba Wambui akafunika sahani yake, akamwita mkewe, wakaondoka.

Kiangazi chote hawakusalimiana, mwanangu. Mimi na Mama Wambui tulikuwa tunafanya kazi wodi moja, tunapeana lifti, na ilibidi tuanze kuongea kwa kujificha kama wasichana wa bweni. Nikimgusia Salim, anajibu, "Aanze yeye." Nikimuuliza shoga yangu, naye mumewe kasema hivyohivyo.

Ndipo binti yao, Wambui, akaposwa. Kijana mwenyewe alikuwa wa Houston, kwao ni Sharpstown, na harusi ikapangwa kanisani hukohuko. Siku moja binti akanipigia simu.

"Anti, mimi sitaki limo. Nataka kuingia kanisani na lile gari la Anko Salim."

"Lile la kelele?"

"Ndiyo hilo. Si ndilo nilijifunzia ku-drive? Dadi alikuwa na night shift kila siku, ni Anko ndiye alinifundisha." Kisha sauti yake ikabadilika. "Na kama bado hawaongei, Anti, nani atanishika mkono mmoja, nani atafungua mlango? Mimi nitalia mbele ya watu wote."

Nikamwambia asilie, hiyo kazi aniachie mimi. Jioni nikamweleza Salim. Aliangalia mikono yake. Mwisho akasema, "Gari haliwezi kwenda Houston hivyo. Oili yake imeshapitiliza muda." Nikajua hapo ndipo pa kuingilia. Nikampigia Mama Wambui: "Jumamosi mlete mumeo. Na stendi zake."

Walikuja. Wanaume wakapeana mikono kama watu wanaogusa sahani ya moto. Nikawaambia, "Leo mtafanya njia zote mbili. Salim ataanza kunyonya. Akisema imekwisha, Baba Wambui atafungua chini, tuone kumebaki nini."

Salim akalizungusha gari mtaani mpaka likapata joto, akarudi akalizima. Akafungua mfuniko wa filta kwanza, maana kwenye gari lile filta iko juu, na ukiifungua oili iliyomo inarudi chini. Akapitisha mpira, akavuta. Oili ikaja nyeusi kama lami. Ikaja, ikaja, mpaka bomba likaanza kukoroma.

"Kwisha!" akasema, kifua mbele.

Ikawa zamu ya Baba Wambui. Alipiga jeki, akaweka stendi, akalitikisa gari kwa nguvu kuhakikisha halichezi, ndipo akaingia na beseni. Tukasikia spana. Kisha tukasikia kicheko kutoka uvunguni.

"Mama Hawa," akaniita mimi, "kuja uone! Kikombe kizima hiki!"

"Kikombe tu?" Salim akainama. "Baba Wambui, galoni nzima na zaidi nimetoa mimi, wewe unajisifia kikombe?"

"Lakini kimebaki!"

"Lakini ni kikombe!"

Mimi na Mama Wambui tulishikana, machozi yanatutoka kwa kucheka. Halafu Baba Wambui akaacha kucheka. "Aisee," akasema polepole, "hii washa, hii pete ya kuzibia nati, imekwisha. Nikiirudisha hivi itavuja njiani, na mtoto wangu atakuwa ndani."

Salim akaingiza mkono mfukoni, akatoa washa mpya ya shaba. Akapiga goti kwenye saruji, na suruali yake safi, akampa.

"Ulikuwa nayo?" Baba Wambui akauliza.

"Nilijua utafungua," Salim akajibu. "Nisamehe kwa yale maneno ya bustanini, ndugu yangu."

Mkono mweusi wa oili ukatoka uvunguni, ukamshika Salim kifundo cha mkono, ukakaa hapo. Mimi na mwenzangu tukaingia ndani kupakua chakula.

Wambui aliingia kanisani na gari la krimu likinguruma, baba yake na Salim wamekaa mbele wakibishana njia ya kupita.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Pasha injini kidogo, isiwe ya kuunguza. Nyonya kwa juu ukipenda, ila mara mojamoja fungua chini, na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka filta mpya na washa mpya, na oili iwe ya dizeli. Liwashe kidogo, lizime, subiri, ndipo upime penye usawa. Ikirudi kuwa nyeusi upesi usishtuke, dizeli ndivyo ilivyo. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro, ipeleke duka la spea wanakoipokea.

Na ukibishana na mwenzako, bishana juu ya gari. Usimguse yeye wala akili zake mbele za watu, maana hilo ndilo lililotugharimu kiangazi kizima.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe gari linalowaka asubuhi za baridi, na akupe rafiki wa kukumulikia taa ukiwa uvunguni, hata kama anakwambia unakosea.